Taa Inayokonyeza Bila Kufumba Jicho

Muuzaji wa spea Kariakoo aliniwekea juu ya kaunta kitaa cha LED, ukubwa wa kiberiti, nyaya mbili zikining'inia. Akazigusisha kwenye betri ya pikipiki iliyokuwa sakafuni. Kikapiga mara tatu chapuchapu, kikanyamaza, kikapiga tatu tena, mwanga mweupe wa kuchoma macho. Rundo la matairi nyuma yake likawa linatokea na kupotea kama sinema iliyokatikakatika.

"Hii ukiifunga mbele ya boda, mzee, hakuna dereva atakayesema hakukuona," akasema.

Ana nusu ya ukweli. Nusu nyingine ilishafanyiwa kazi Marekani miaka mingi iliyopita, ikapimwa, ikaandikwa kwenye kanuni. Ukiisoma kanuni hiyo unagundua kwamba kinachouzwa Kariakoo na kilichoruhusiwa kule vinafanana jina tu.

Tuanze na hilo neno la muuzaji, "hakukuona". Mwaka 1981 Harry Hurt na wenzake wa Chuo Kikuu cha Southern California walitoa ripoti kuhusu ajali za pikipiki katika eneo la Los Angeles. Ajali 900 waliziendea wenyewe hadi barabarani. Karibu robo tatu zilikuwa za pikipiki kugongana na chombo kingine, mara nyingi gari dogo, na katika theluthi mbili za hizo mwenye kosa alikuwa dereva wa hicho chombo kingine, aliyeingia njia isiyo zamu yake. Picha iliyojirudia ni gari linalokata kushoto mbele ya pikipiki inayokuja. Sisi tunaoendesha upande wa kushoto tuigeuze: gari linakata kulia kuingia sheli, na boda anakuja kutoka mbele. Dereva anashuka mikono kichwani, wallahi sikumwona. Wala hasemi uongo. Alitazama, lakini hakuona.

Pikipiki ikitazamwa kwa mbele ni mstari tu: gurudumu, taa moja, kifua cha mtu. Tena kuna jambo ambalo waendeshaji wengi hawalijui. Vyombo viwili vinavyoelekea kugongana, kila kimoja kikishika mwendo wake bila kubadili, huonana kwa pembe ileile hadi mwisho. Kwa dereva wa gari, pikipiki hiyo haihami kwenye kioo. Inakaa palepale ikinenepa polepole, kama doa la mdudu. Pembe za jicho, ambazo kazi yake ni kushtuliwa na kitu kinachosogea, zinakosa cha kuzishtua.

Basi dawa ni kukipa kitu kisichosogea kitu kinachobadilika. Hapo ndipo kilipozaliwa kifaa ambacho kule hukiita modyuleta, kisanduku kidogo kinachokaa kati ya swichi na balbu ya taa kubwa, ndani yake transista inayobana umeme na kuuachia. Hakuna taa mpya inayofungwa. Ni taa ileile iliyokuja na pikipiki, inapanda na kushuka. Kanuni ya 108 ya viwango vya usalama wa magari ya Marekani inakiruhusu kwa pikipiki peke yake, katika majimbo yote, halafu inakifunga kamba kila upande.

Kamba ya kwanza ni mwendo: mapigo 240 kwa dakika, yakizidi au kupungua yasipite 40. Yaani manne kwa sekunde. Namba hiyo ukiitazama peke yake haisemi kitu, lakini iweke kati ya majirani zake. Indiketa ya kawaida hupiga mara 60 hadi 120 kwa dakika, kwa hiyo hata modyuleta inayosuasua, yenye mapigo 200, haiwezi kumdanganya mtu kwamba unakata kona. Upande wa juu, watu wenye kifafa kinachoamshwa na mwanga huwa hatarini zaidi taa inapopiga mara 15 hadi 20 kwa sekunde. Manne yako chini sana ya hapo.

Halafu kuna hesabu ninayoipenda mwenyewe. Dereva akifika njia panda hutupa jicho upande mmoja, tuseme kwa nusu sekunde, kisha anageukia upande wa pili. Taa yenye mapigo 60 kwa dakika huwaka nusu sekunde na kuzima nusu sekunde. Jicho hilo linaweza kupita katikati bila kukuta badiliko lolote, likadhani ni taa ya kawaida, au hakuna taa kabisa. Mapigo manne kwa sekunde hayampi nafasi hiyo. Hata atazame kwa haraka namna gani, nusu sekunde yake inakuta taa imepanda na kushuka mara mbili.

Kamba ya pili ndiyo kiini cha jambo zima, na ndiyo ambayo kile kitaa cha Kariakoo kinaikata. Taa hairuhusiwi kuzima. Katika kila pigo lazima iwake kwa nguvu zote kwa asilimia 50 hadi 70 ya muda, na inaposhuka isiende chini ya asilimia 17 ya mwanga wake mkubwa. Inakonyeza bila kufumba jicho.

Kwa nini wakashikilia hiyo 17? Fikiria boda aliye kwenye kilomita 60 kwa saa. Kila sekunde anasogea zaidi ya mita 16. Robo sekunde ya giza ni mita nne. Mnyamazo wa nusu sekunde, kama ule wa kitaa kile kati ya mapigo matatu na matatu, ni mita nane. Mchana mwili wa pikipiki bado unaonekana, lakini usiku taa ndiyo pikipiki. Ikizima, chombo chote kimetoweka, kikirudi kiko pengine. Anayetazama haoni kitu kinachokuja, anaona vitu kadhaa vinavyorukaruka, kila kimoja mahali pake. Asilimia 17 ni uzi unaounganisha pigo na pigo ili jicho lisilazimike kukitafuta upya.

Kuna faida nyingine ambayo fundi yeyote wa umeme ataielewa upesi. Balbu ya zamani ina waya mwembamba wa tungsteni. Ukiwa wa baridi, ukinzani wake ni kama sehemu moja ya kumi ya ule wa moto, kwa hiyo kila ukiwasha kutoka giza kamili, umeme unaingia kwa kishindo. Fanya hivyo mara 240 kwa dakika uone balbu itadumu hadi lini. Waya usipoachwa upoe kabisa, kishindo kinapungua. Zaidi ya hapo waya ni mvivu, hauwaki wala haupoi papo hapo, kwa hiyo mwanga unapanda na kushuka kwa mteremko badala ya kukatika kwa kisu. LED haina uvivu huo. Ndiyo sababu kitaa kile kinauma macho hata kikiwa kidogo kama kiberiti.

Kamba ya tatu ni ya mtu aliyewahi kuachwa gizani. Kifaa kikifa, taa dimu na taa fulu zote lazima ziendelee kufanya kazi, na kifungwe kwenye waya wa chanya unaopeleka umeme kwenye balbu, si kwenye upande wa ardhi. Kwa maneno mengine, kikiharibika kiharibike kikiwa kimeacha mlango wazi. Nimeona pikipiki ambazo vikorombwezo vilivyoungwa kwenye waya wa taa kubwa vilipoungua viliondoka na taa yenyewe, na mwenyewe akajua hilo saa mbili usiku.

Ya nne inawashangaza wengi: usiku ni marufuku. Kifaa lazima kiwe na jicho la kupimia mwanga, na mwanga ukishuka chini ya luksi 270, kwa jicho linalotazama juu, taa iache kukonyeza na iwake tuli. Ili kupata picha, jua kali la mchana hufika luksi laki moja, na ofisi yenye taa nzuri ni kama 300 hadi 500. Kwa hiyo 270 ni magharibi, dakika chache baada ya jua kuzama. Huku kwetu karibu na ikweta, ambako giza huingia kama mtu aliyefunga dirisha, jicho hilo lingekuwa na kazi fupi sana. Sababu ya marufuku ni kwamba usiku mwanga unaopiga huwapofusha wanaokuja mbele, na mwenye pikipiki ndiye wa kwanza kugongwa na dereva aliyepofushwa.

Je, ilisaidia? Mwaka huohuo wa ripoti ya Hurt, Olson, Halstead-Nussloch na Sivak wa Chuo Kikuu cha Michigan walichapisha majaribio ya barabarani. Hawakuuliza madereva maoni yao. Walipima nafasi: dereva anakubali kukatiza mbele ya pikipiki iliyo karibu kiasi gani? Mchana, taa ya mbele inayowaka, taa inayokonyeza na mavazi yenye rangi za kung'aa vyote viliwafanya madereva wasikubali nafasi finyu. Mimi nakiamini kipimo hicho kuliko dodoso lolote, maana kinapima mguu wa dereva, hakipimi mdomo wake.

Msomaji makini atasema: mbona hapo hata taa isiyokonyeza imesaidia? Ni kweli. Malaysia ililazimisha pikipiki kuwasha taa mchana mwaka 1992, na India, zinakotoka Boxer na TVS zetu nyingi, iliagiza kwamba kuanzia tarehe 1 Aprili 2017 pikipiki mpya ziwake taa zenyewe injini ikiwaka. Haigharimu kitu. Ila taa tuli ina udhaifu mmoja wa ajabu. Mwaka 1943 jeshi la majini la Marekani lilifunga taa mbele ya ndege za kuwinda nyambizi, katika mradi ulioitwa Yehudi, ili ndege zisionekane. Taa zilikolezwa hadi zikalingana na mwanga wa anga, na kivuli cha ndege kikayeyuka. Pikipiki yenye taa tuli inayokuja na mbingu nyeupe nyuma yake inaweza kufanyiwa mchezo huohuo. Mbingu haikonyezi, na hapo taa inayopanda na kushuka inaishinda.

Kuna kazi ambayo kukonyeza hakuiwezi. Kunasema "nipo hapa", hakusemi "nakuja kwa kasi hii". Jicho hupima kasi ya kitu kinachokuja kwa jinsi kinavyotanuka, na nukta moja ya mwanga haina cha kutanua. Watafiti wa Royal Holloway, Chuo Kikuu cha London, akina Gould na Wann, walionyesha mwaka 2012 kwamba giza linapoingia watu hukosea zaidi kukadiria kasi ya pikipiki yenye taa moja, na taa tatu zilizopangwa pembetatu hupunguza kosa hilo. Treni za Marekani zina pembetatu hiyohiyo, taa mbili chini na moja juu, na zikikaribia makutano ya barabara zile mbili za chini zinaruhusiwa kupigana zamu, mara 40 hadi 180 kwa dakika.

Kile kitaa sikukinunua. Huku kwetu vimulimuli ni vya polisi, ambulensi na zimamoto, na trafiki hawachoki kuvivua kwenye magari ya watu. Nilikwenda kwa fundi wangu wa kijiweni, nikamchorea kwenye boksi la plagi: hapa taa imepanda, hapa imeshuka, lakini hapa chini, unaona, haigusi sifuri. Fundi akaushika mchoro muda mrefu. Dada mmoja alipita upande wa pili wa barabara, akaiona Boxer iliyokuwa imewashwa taa saa sita mchana, akainua mkono akafumba na kufumbua vidole, ile ishara yetu ya hisani: zima taa, ndugu. Fundi akanyoosha mkono akaizima.

"Mzee," akaniuliza, "sasa hii ikipanda na kushuka bila kuzima, si watu watanisimamisha kila kituo kuniambia betri inakufa?"