Chumbe: Mwamba Unaolipa Mishahara ya Walinzi Wake

Chumbe hakuna kisima wala chemchemi. Kisiwa hiki kilicho kusini-magharibi mwa Unguja, kilomita 12 hivi kutoka Mji Mkongwe, kina hekta 22 tu, karibu zote zikiwa msitu ulioota juu ya jiwe la matumbawe. Mnara wa taa wa mwaka 1904 bado umesimama pale. Ubavuni mwa kisiwa, upande wa magharibi, kuna mwamba wenye aina zaidi ya 400 za samaki na takriban aina 200 za matumbawe magumu. Ni mahali pa kumvutia mgeni yeyote, lakini ukijenga vibaya utaua kile kile alichofuata.

Kampuni ya Chumbe Island Coral Park ilisajiliwa mwaka 1992. Mwanzilishi wake ni Sibylle Riedmiller, Mjerumani aliyekuwa amefanya kazi za maendeleo nchini Tanzania. Desemba 1994 Serikali ya Zanzibar ikautangaza mwamba wa magharibi kuwa eneo la hifadhi na kuikabidhi kampuni usimamizi wake. Hutajwa kuwa hifadhi ya kwanza ya bahari duniani kuendeshwa na kampuni binafsi. Wageni walianza kulala kisiwani mwaka 1998.

Mahali penyewe palichaguliwa vizuri. Upande ule wa Chumbe unapakana na njia ya meli ziendazo Dar es Salaam, na kwa miaka mingi jeshi lilikuwa limezuia watu kukaribia. Wavuvi walivua kidogo sana pale. Kwa hiyo hifadhi ilipotangazwa, hakuna kijiji kilichopokonywa bahari yake ya kila siku, jambo ambalo limezamisha hifadhi nyingi za pwani kabla hazijakomaa.

Kazi kubwa ya kiufundi iko kwenye nyumba saba za wageni. Mapaa yake ya makuti ni mapana, nayo hukinga mvua ya masika na ya vuli. Maji hupita kwenye kichungi cha mchanga na kokoto, kisha huingia katika birika lililo chini ya sakafu. Kutoka hapo hupandishwa kwa pampu ya mkono, na ya kuogea hupashwa moto na jua. Mgeni anayepampu maji yake huona kwa mkono wake jinsi yalivyo machache.

Maji yaliyokwisha kuogewa hayamwagwi ovyo. Jiwe la matumbawe lina vitundu vingi, na kinachomwagwa juu yake huteremka moja kwa moja hadi baharini. Sabuni na kinyesi ni mbolea, na mbolea hukuza mwani unaoyafunika matumbawe hadi yafe. Ndiyo maana shimo la kawaida la choo lilikataliwa tangu kwenye ramani. Vyoo vya Chumbe havitumii maji: uchafu huchanganywa na masalia makavu ya mimea na kuoza taratibu ndani ya chumba chenye hewa hadi uwe mboji. Maji ya bafuni yanaelekezwa kwenye vitalu vya mimea inayonyonya virutubisho kabla havijafika pwani. Taa zinawashwa na sola.

Ukiutazama mpango huu kwa jicho la mhasibu, utaona kwamba umefuta ankara tatu zinazowatesa wenye hoteli za visiwani: boti la kuleta maji, dizeli ya jenereta, na gari la kunyonya vyoo. Fedha ambazo zingekwenda huko zinabaki kwa ajili ya mishahara, na kati ya wanaolipwa wamo walinzi wa mwamba. Wengi wao walikuwa wavuvi wa vijiji vya jirani. Hawabebi silaha. Chombo kikisogea mpakani, wanamfuata nahodha na kumweleza kwamba samaki wanaozaliana ndani ya hifadhi ndio watakaotoka na kuingia kwenye dema lake nje. Maneno hayo hupokelewa kwa sababu msemaji mwenyewe amewahi kutega dema.

Kuingia kwenye biashara, hata hivyo, kulikuwa kugumu kupita kiasi. Gharama za uwekezaji zilifikia takriban dola milioni 1.2, karibu mara nne ya makisio ya awali. Kila boriti na kila mfuko wa saruji ulivushwa kwa chombo, na vibali vilipitia idara nyingi za serikali. Ujenzi uliotarajiwa kuchukua mwaka mmoja ulichukua minne. Kampuni haikufa katika kipindi hicho kwa sababu sehemu kubwa ya fedha ilikuwa ya mwanzilishi mwenyewe, wataalamu walijitolea, na wafadhili walisaidia kazi zisizo za kibiashara kama utafiti na elimu. Mkopo wa benki wenye marejesho ya kila mwezi ungeimaliza kabla mgeni wa kwanza hajashuka ufukweni.

Hapo ndipo kijana wa Makunduchi au Kilifi anayetaka kuiga mfano huu anapaswa kusimama na kufikiri. Birika, choo cha mboji na sola vinaigika, tena kwa gharama iliyo nafuu kuliko enzi zile. Subira ya miaka mingi bila mapato haiigiki na mtu asiye na akiba. Anayeanza leo ana haki ya kudai vibali vya haraka na mikopo yenye muda wa neema, kwa sababu bila hivyo biashara ya aina hii itabaki ya wenye mitaji mikubwa.

Baada ya kufunguliwa, sifa ilifanya kazi ya matangazo. Mwaka 1999 Chumbe ilipata tuzo ya British Airways ya utalii, na mwaka 2000 ikaingia kwenye orodha ya Global 500 ya Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira. Vitanda ni vichache na bei iko juu. Wanafunzi wa Zanzibar nao hupelekwa kisiwani kujifunza, gharama zikibebwa kwa sehemu na mapato ya wageni.

Udhaifu wa mpango uko kwenye mapato hayo hayo, kwa kuwa yanategemea mwamba ulio hai na wageni wanaofika. Mwaka 1998, kisiwa kilipoanza kupokea wageni, magharibi mwa Bahari ya Hindi kulipata joto kali na matumbawe yakapauka. Yakapauka tena mwaka 2016. Mlinzi anaweza kumzuia mwenye wavu, lakini joto halina nahodha wa kuzungumza naye. Mwaka 2020 ndege zilipoacha kuja kwa sababu ya janga la korona, utalii wa Zanzibar nzima ulisimama, ilhali mwamba ulihitaji doria ile ile. Nyumba saba bado ndizo nguzo kuu ya hesabu nzima, na mpaka wa hifadhi hulindwa usiku na mchana hata kama hakuna mgeni aliyelala.