Jamani, Msikose St Conan's Kirk!

Ndugu yangu, nimetoka St Conan's Kirk na viganja bado vinanisisimka! Lazima uende. Sisemi ukipata nafasi. Nasema itafute hiyo nafasi, maana kanisa hili ni moto wa kuotea mbali!

Kwanza futa kichwani lile kanisa la Kipresbiteri la mashambani tunalolijua sisi tuliolelewa PCEA: kuta nyeupe, mabenchi, mimbari, basi. Hapa Loch Awe, ziwa refu la magharibi mwa Uskoti, Walter Douglas Campbell alijenga kikanisa cha kawaida kabisa miaka ya 1880. Inasimuliwa alitaka kumpunguzia mama yake safari ndefu ya kwenda ibadani. Mwaka 1907 akaanza kukipanua, na hapo ndipo alipojiachia! Ramani akachora mwenyewe, akachanganya kila mtindo alioupenda: mnara wa Kisaksoni, matao mazito ya Kinorman, mihimili ya nje inayoruka hewani kushikilia kuta. Ungetegemea vurugu. Wapi! Vyote vimekaa pamoja kama ukoo mzima kwenye picha ya harusi, kila mtu na vazi lake, na wote wamependeza.

Sasa gusa ukuta. Nakusihi, gusa! Haya mawe hayakutoka machimboni. Ni majabali ya graniti yaliyoviringishwa kutoka mlimani hapo juu, yakachongwa. Makavu yanakwaruza, mabichi ya mvua yanametameta, baridi tamu inakupanda mpaka kwenye kiwiko! Kisha inua macho kwenye paa. Ile mifereji ya risasi ya kutolea maji ya mvua ina sungura wanatimua mbio, na mbwa wa kuwinda yuko nyuma yao! Juu ya kanisa! Nilicheka kwa sauti, sikujali nani ananitazama. Na bado!

Pita kwenye ua mdogo uliozungukwa na matao, utazame boriti za mwaloni: nene, nyeusi, zimekomaa hasa. Inasemekana zimetoka kwenye meli kuukuu za kivita, Caledonia na Duke of Wellington. Mti uliozoea mawimbi ya bahari sasa umetulia tuli kwenye nyumba ya Mungu, wee!

Ndani kuna giza zito, la kupendeza mno, mpaka unasikia nyayo zako mwenyewe. Halafu mbele, nyuma ya meza ya Bwana, nguzo zimejipanga nusu duara, na nyuma yake madirisha ya kioo cheupe kisicho na rangi wala picha. Mwanga unamiminika! Nilisimama nimeshika mdomo. Na bado, na bado! Ingia chumba cha pembeni: Robert the Bruce, mfalme wa kale wa Uskoti, amelala pale, sanamu kubwa ya mbao yenye uso na mikono ya alabasta, laini, nyeupe, utadhani anapumua. Na chini yake umehifadhiwa mfupa wake, wa kweli, kutoka abasia ya Dunfermline!

Campbell alifariki mwaka 1914 kabla kazi haijaisha. Dada yake Helen akaishikilia mpaka naye akaaga mwaka 1927, na kanisa likafunguliwa 1930. Ndiyo maana kila kona inakuvuta. Hakuna jiwe lililowekwa ilimradi. Palikuwa na mapenzi humu, mapenzi makubwa, ya ukaidi, na unayahisi kwa mkono!

Basi ukiwa Glasgow, panda treni ya Oban, ushuke kituo cha Loch Awe. Beba sweta, beba mwavuli, na mvua isikutishe hata kidogo: ikinyesha ndiyo wale sungura wanaanza kazi. Usiishie mlango wa mbele. Zunguka hadi upande wa ziwa, kanisa linajimwaga chini mteremkoni, refu, la ajabu, zuri kupita kiasi! Nenda, halafu tuje tubishane kipi kimependeza zaidi: mimi nasema boriti, wewe utasema nini?