Chewa na Jina Lisilo Lake

Katika vitabu na orodha nyingi za samaki twaona jina Epinephelus coioides, na kando yake neno la kwamba zamani samaki huyo aliitwa Epinephelus tauvina. Neno hilo humpoteza msomaji.

Wavuvi wa pwani yetu huwaita wote wawili chewa, wala hawakosi, kwani chewa ni jina la ukoo mzima. Lakini jina la elimu lina mwenyewe mmoja tu. Tauvina ni jina la Kiarabu alilolipata Peter Forsskål katika Bahari ya Sham. Yeye alikufa Yemen mwaka 1763, na mwenziwe Carsten Niebuhr akakipiga chapa kitabu chake mwaka 1775. Chewa huyo hukaa kwenye matumbawe yenye maji safi, na urefu wake ni kadiri ya sentimeta 75. Coioides alipewa jina na Hamilton mwaka 1822, katika kitabu cha samaki wa mto Ganges. Huyu hukaa hata penye matope na milango ya mito, naye hufika mita moja na zaidi.

Sheria yasema: samaki mmoja akiwa na majina mawili, la kale ndilo lishikalo. Suillus, la mwaka 1828, lilikuwa jina la pili la coioides huyu huyu, likaanguka kwa haki. Basi kama tauvina nalo lingalikuwa lake, lingalishinda, maana limetangulia kwa miaka 47! Halikushinda kwa sababu alibandikwa tu. Hata malabaricus alibandikwa lilo hilo. Mwanafunzi akikuta suillus na tauvina katika safu moja, atajuaje kuwa la kwanza limekufa, na la pili li hai na lina mwenyewe?

Wala huu si ugomvi wa herufi. Waliofuga chewa Singapore na Kuwait miaka ya 1970 waliandika habari za mayai na makuzi kwa jina la tauvina, hali samaki wao kwa sehemu kubwa alikuwa coioides. Atafutaye leo urefu wa kuzaa wa chewa wa matumbawe aweza kupewa ule wa jirani yake, na kipimo cha uvuvi kikafuata kosa hilo.

Heemstra na Randall waliwatenga samaki hawa vizuri katika kitabu chao cha mwaka 1993. Waandishi waangalifu huandika: tauvina, si wa Forsskål. Ni maneno machache, nayo huenea katika mstari wowote.