Mhadhara, Kanda na Video ya Mtandaoni

Mihadhara ya dini ya miaka ya 1980 na 1990 jijini Dar es Salaam, ambayo kanda zake ziliuzwa mitaani, tumezoea kuilaumu kwa ukali wake. Na mabucha ya nguruwe yaliyovunjwa Aprili 1993 yanatukataza kuitamani. Hata hivyo, mara nyingi mpinzani aliweza kusimama na kuuliza. Anayetazama video leo katika duka la simu Kariakoo hana wa kumwuliza.

Mwaka 2012 YouTube ilianza kuzipa nafasi video kwa kupima hasa muda ambao zinatazamwa. Basi anayeuliza kwa kejeli “moja na moja na moja ni ngapi?” hutazamwa hadi mwisho, anayejibu kwa kutofautisha asili na nafsi, kazi iliyomchukua Augustino miaka mingi, huachwa katikati. Nao baadhi ya wachungaji wetu hukata hoja pale penye kicheko, na vichwa vya video zao hufanana na matangazo ya ngumi. Hoja ikikatwa kabla ya pingamizi lake hubaki dai tu, wala mtazamaji hana namna ya kulipima. Twaona afadhali video ya saa nzima, yenye mpinzani aliyealikwa, hata ikiwa watazamaji wake ni arobaini.