Kinu, Mchi na Mkoba: Namna ya Kuipima Filamu ya Ashiki

Usiku wa harusi yake ya tatu, El Hadji Abdoukader Beye anaambiwa na shangazi wa bibi harusi avue suruali, akalie kinu, na mchi auweke katikati ya miguu. Anakataa. Yeye ni mfanyabiashara wa Dakar, mtu wa suti na Mercedes, na mambo hayo anayaona ya kishamba. Kunakucha, jogoo hakuwika.

Hiyo ni Xala, filamu ya Ousmane Sembène wa Senegal, ya mwaka 1975. Kila ninapoulizwa tutaijuaje filamu inayogusa mambo ya chumbani kuwa ni sanaa na si biashara ya macho, mimi huanzia hapo. Xala kwa Kiwolof ni laana ya kupoteza nguvu za kiume. Sisi tungesema bwana amefungwa.

Kipimo ninachokiamini kuliko vyote ni hiki: iondoe ashiki, kisha utazame kinachobaki. Filamu hafifu itasimama vilevile, imepungua dakika kumi tu za miili. Ukimwondolea El Hadji laana yake, Xala yote inaporomoka, kwa sababu laana ile ndiyo siasa yenyewe. Filamu inafunguka kwa wafanyabiashara Waafrika kuwatoa Wafaransa kwenye Chemba ya Biashara, ngoma zikirindima. Muda si muda Wafaransa wanarudi na mikoba. Kila mjumbe anafungua wake, noti zimejaa pomoni. Wanaume hawa wamehasiwa pale pale mezani, mchana kweupe; kitandani usiku tunaonyeshwa tu kilichokwisha kutokea.

Kisha angalia kama fumbo linatembea. Waliokulia kwenye taarab wanajua kwamba fumbo zuri halikai kwenye neno moja, huhamia kwenye tunda, kwenye chombo, kwenye upepo. Sembène naye analitembeza. Mercedes ya El Hadji inapewa maji ya chupa, Evian kutoka Ufaransa, na mwenyewe hayo hayo ndiyo kinywaji chake. Binti yake Rama akikaribishwa anayakataa. Baba akisema Kifaransa, binti anajibu Kiwolof. Baadaye mganga anamfungua El Hadji na kulipwa kwa hundi. Benki inapoikataa hundi ile, mganga anamfunga tena. Maji, lugha na hundi vyote vinasema neno moja na kile kinu kilichokataliwa, ila mtazamaji haelezwi. Aliyechezwa unyago hahitaji kutafsiriwa kinu na mchi.

Hata hivyo namlaumu Sembène kwa jambo moja. N'Goné, bibi harusi mwenyewe, ni kama hana kauli. Mwili wake umewekwa kama gari la zawadi lililofungwa utepe siku ya harusi. Naelewa kwamba ndiko kumwonyesha bwana anavyomwona, lakini kazi kubwa zaidi ingempa japo dakika moja awe mtu. Popote mwili unapobeba maana, uliza mwenye mwili ameachiwa nini.

Wengi hudhani kuficha ndiko ustadi. Si lazima. Filamu ngapi zinazima taa kwa woga tu! Wong Kar-wai, katika In the Mood for Love ya mwaka 2000, alipiga tukio la faragha kisha akalitoa. Lakini pengo hakuliacha tupu. Alilijaza kwa mwanamke anayeshuka ngazi kununua tambi, chombo mkononi, amevaa qipao, gauni la Kichina, yenye kola inayombana shingo hadi chini ya kidevu. Mwanamume anapanda, wanapishana mabega yakikaribia kugusana, ukuta umelowa mvua. Anashuka tena siku nyingine, qipao ni nyingine, kola ni ileile. Hong Kong ya mwaka 1962, yenye majirani wanaosikia kila hatua, imo yote katika kola ile.

Na kuonyesha kila kitu si kosa pia. Nagisa Oshima hakuficha lolote katika filamu yake ya mwaka 1976 kuhusu Sada na Kichizo, wapenzi wa Tokyo ya mwaka 1936. Lakini kuna picha moja fupi ya barabarani: wanajeshi wanapita kwa gwaride, Kichizo anatembea peke yake kando ya ukuta, kuelekea upande wa pili. Bila picha hiyo, chumba cha wapenzi hao kingekuwa chumba tu.

Marufuku nayo isikudanganye. Rafiki ya Wanuri Kahiu (2018) ilifungiwa Kenya, Mahakama Kuu ikairuhusu kwa siku 7 mwezi Septemba, kumbi za Nairobi zikafurika. Ninaipenda kwa rangi zake na kwa macho ya mtaa yanayowaandama wapenzi wake wawili, Kena na Ziki, kila kona. Hayo yangekuwemo hata kama hakuna aliyeifungia.

Ukirudi kwenye Xala, mwishoni fumba macho kidogo. Omba-omba, ambao mmoja wao ndiye aliyedhulumiwa ardhi na kuitupa laana ile, wameingia nyumbani. El Hadji amevuliwa nguo mbele ya mkewe na wanawe, na wanamtemea mate, mmoja baada ya mwingine. Picha inaganda. Sauti ya mate inaendelea.