Taa Zote Nane Ziliwaka

Basi linaloondoka Mbeya alfajiri hufika Iringa baada ya saa sita hivi, likipita Igawa, Makambako na Mafinga. Mpe kondakta bahasha yenye diski ya gigabaiti 500, halafu piga hesabu: ni sawa na megabaiti 23 kila sekunde. Hesabu hiyo niliipiga nikiwa Kihesa, nyumbani kwa shemeji yangu, nikitazama kompyuta mbili zilizotenganishwa na ua tu zikipashana mafaili kwa megabaiti 0.7 kwa sekunde. Basi lilikuwa linazishinda zaidi ya mara 30.

Shemeji anahariri video za harusi na sendoff. Kadi za kamera humwagwa kwenye kompyuta ya sebuleni, kazi yenyewe hufanyika kwenye chumba cha uani, na kati yake kuna swichi ndogo na waya wa mita 30 hivi uliopita darini. Sendoff moja ya gigabaiti 40 ilianza kunakiliwa saa mbili usiku, ikamalizika saa sita mchana wa siku ya pili.

"Shemeji, bando nimeongeza mara mbili, lakini wapi," aliniambia kabla hata sijavua koti.

Bando halikuwa na kosa. Faili linalotoka sebuleni kwenda uani huingia kwenye swichi na kutoka; haligusi mnara wala mkongo. Maneno hayakumtosha, basi nikachomoa waya wa intaneti mbele yake. Kasi ikabaki ileile. Nilimwonea huruma kwa hela aliyoitupa, maana wengi wetu neno "mtandao" tukilisikia tunafikiria salio.

Waifai nayo niliitoa haraka. Ina ubaya wake: kompyuta mbili zikiwa hewani kwenye rauta moja, kila pakiti hupita hewani mara mbili, kwenda na kurudi, na kasi hugawanyika. Hapa haikutumika. Ikabaki diski. Kompyuta ya sebuleni ina diski ya zamani inayozunguka, na nilitamani sana iwe ndiyo mkosaji, maana diski hubadilishwa kwa dakika 20. Nikanakili faili kubwa kutoka folda moja hadi nyingine humo humo ndani, nikafanya hivyo pia uani. Zote zilikwenda vizuri.

Kilichomaliza ubishi ni programu ya bure iitwayo iperf3. Hii hutuma data kutoka kumbukumbu ya kompyuta moja hadi ya nyingine bila kugusa diski yoyote, kwa hiyo kinachopimwa ni njia tu. Ikasoma megabiti 6 kwa sekunde. Baiti moja ni biti nane. Gawanya, unarudi kwenye 0.7 yetu. Na Windows ilikuwa inaonyesha kwamba waya umeunganishwa kwa megabiti 100, kiwango ambacho kwa kawaida hutoa megabaiti 11 hivi. Zaidi ya tisa kwa kumi zilikuwa zinapotelea njiani. Nikajaribu ping. Pakiti ndogo zilikwenda na kurudi bila shida, lakini nilipozikuza hadi baiti 1,400 zikaanza kudondoka.

Fundi aliyevuta waya ule aliitwa. Alikuja na testa yake, akachomeka ncha zote mbili, taa zikawaka moja baada ya nyingine, moja hadi nane, kwa mpangilio. "Waya mzima, kaka." Na kwa kadiri testa ile inavyojua, alisema kweli. Testa ya aina hiyo huuliza jambo moja tu: umeme ulioingia pini ya kwanza umetokea pini ya kwanza?

Mimi nikakishika kichwa cha waya nikakisogeza kwenye mwanga wa dirisha. Plastiki yake ni angavu, rangi zinaonekana. Nyeupe-chungwa, chungwa. Nyeupe-kijani, kijani. Nyeupe-buluu, buluu. Nyeupe-kahawia, kahawia. Kila mmoja kasimama na mwenzake, nadhifu kama mstari wa asubuhi shuleni. Na hapo ndipo palipoharibika.

Ndani ya waya kuna jozi nne, na kila jozi imesokotwa. Msokoto si wa urembo. Kelele ikiwapiga wawili waliosokotwa pamoja huwapiga karibu sawa, na mpokeaji anayepima tofauti kati yao huiona imefutika. Alexander Graham Bell alipata hataza ya wazo hilo kwa nyaya za simu mwaka 1881. Sasa, mawasiliano ya megabiti 100 hutumia pini 1 na 2, halafu 3 na 6. Ndiyo, 3 na 6. Pini za katikati, 4 na 5, ziliachiwa jozi ya buluu kwa sababu simu za mezani zilikuwa zikitumia katikati ya kichwa, na ya kijani ikabidi iwapishe kwa kukaa huku na huku. Kwa mpangilio wa fundi wetu, pini ya 3 ilikuwa na uzi wa jozi ya kijani na ya 6 uzi wa jozi ya buluu: wawili wasiosokotwa pamoja. Kelele za jozi ya jirani zikawaingia, pakiti zikafika zimeharibika, zikatupwa, zikatumwa upya. Kwa mita mbili usingeona kitu. Kwa mita 30 unaona usiku kucha.

Tulikata ncha zote mbili. Nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, buluu, nyeupe-buluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Fundi alibana mwenyewe, kimya. Kompyuta zikapandisha muungano hadi megabiti 1,000, kiwango kilichosanifiwa mwaka 1999 na kinachozihitaji jozi zote nne. Hapo awali zilikuwa zikikijaribu, zikishindwa, zikishuka hadi 100. Gigabaiti 40 zikapita kwa dakika kumi kasoro, megabaiti 70 kwa sekunde. Anayechelewesha sasa ni ile diski ya sebuleni.

Jioni shemeji alikumbuka kamera ya getini, ambayo picha yake huganda ganda na lawama zote tulikuwa tumeipa kamera. Akapanda ngazi na tochi mdomoni, akachomoa kichwa cha waya, akanisomea kutoka juu: "Chungwa, chungwa. Kijani, kijani…"