Jina la Fundi wa Mashua

Katika zama hizi vijana wetu huhimizwa wajitengenezee jina kabla ya kitu kingine chochote: wachague rangi zao, wachague maneno mafupi ya kujitambulisha, wapigwe picha nzuri, wajitangaze katika simu mpaka mtu wa mbali awafahamu kama afahamuvyo chapa ya sabuni, nami siwalaumu kwa kutaka kujulikana, kwa kuwa kujulikana kwa jambo jema ni riziki, na ni heshima pia. Walakini nikitafuta hapa kwetu Uvira, katika ufuko wa kaskazini ya Ziwa Tanganyika, mtu ambaye jina lake limesimama juu ya imani yake hata viwili hivyo havitengeki tena, siendi kwa mwenye duka wala kwa mwenye kibao. Nateremka Kalundu, au nashika njia ya kusini ipitayo Makobola mpaka Baraka, penye mbao zilizopangwa ufukoni na mlio wa nyundo, namwendea fundi wa mashua.

Kazi yake huanza kwa kungoja, na kungoja huko ndiko kwanza nikusifuko. Ubao wa muvula ulioteremshwa kutoka milimani ungali na maji ndani yake, na mwenye haraka aweza kuupigilia siku ile ile, ukapendeza macho, ukapakwa rangi na kulipiwa. Lakini ukisha kukauka ukiwa umekwisha kufungwa mahali pake utanywea, na maungio yaliyokuwa yamebanana yataachana, na ziwa halihitaji mwaliko. Basi fundi wa kweli huzianika mbao zake kivulini, akizigeuza, akizigonga kwa kidole apate kuzisikia, ilhali mwenye fedha amesimama nyuma yake akihesabu siku. Kisha hulazwa mkuku, na omo na tezi zikasimamishwa, na mataruma yakachongwa kwa tezo moja baada ya moja, bila ya ramani ya karatasi, kwa kuwa vipimo vyote vimo katika jicho na kiganja. Na fundi mahiri akisimama mbele ya mifupa hiyo mitupu, huku amefumba jicho moja, huona kasoro ya upana wa ukucha, akakiondoa kitu ambacho mimi na wewe tungeapa kuwa kimenyooka. Baada ya hayo mbao hupinda zikafuata mataruma, misumari ikaingia, ndipo ikafika kalafati, yaani pamba iliyolowanishwa mafuta, ambayo hushindiliwa katika kila uwazi wa maungio kwa patasi butu na nyundo, kutwa nzima, na mtu amechutama au amelala chali chini ya tumbo la chombo.

Na kalafati hiyo haionwi na mtu. Ikisha kupita rangi, buluu au nyekundu, na jina la chombo likaandikwa kwenye omo kwa herufi kubwa, jina ambalo aghalabu hulitaja Jina la Mwenyezi Mungu au rehema yake, mashua ya mwaminifu na mashua ya mlaghai zaweza kuelea ubavu kwa ubavu pasiwe na wa kuzitenga. Hapa ndipo ufundi huu unapokuwa mtihani wa itikadi kuliko wa mikono. Ziwa letu lina urefu wa kilomita 670 na ushei, na kina chake hushuka hata mita 1,470, kiasi ambacho katika maziwa yote ya dunia Baikal peke yake ndilo linalolishinda. Na juu ya kina hicho husafiri akina mama na mabahasha yao ya ndagala, wanafunzi, wagonjwa, shehena ya mawese na ya simenti, kuelekea Baraka na Kalemie, mara nyingi usiku, na katika wakati wa kiangazi upepo wa kusini unawavumia usoni. Miongoni mwa wote hao hakuna aliyechungulia chini ya rangi. Wameweka roho zao amana kwa mtu wasiyemjua, naye fundi, alipokuwa amelala chali peke yake na nyundo yake, alijua kwamba wataziweka.

Watu wa Uvira ni wa dini mbalimbali: wako Waislamu, ambao dini yao ilivuka ziwa hili pamoja na biashara ya Ujiji katika karne ya kumi na tisa, wako Wakatoliki, wako Wapentekoste ambao wamisionari wao wa Kiswidi walifika katika miaka ya 1920, na wengineo. Mafundi nao ni wa huku na wa huko, na nimesikia mkuku ukilazwa kwa Bismillahi na mwingine kwa sala ya jina la Yesu. Lakini sikuona kwamba dua ndiyo ijengayo jina. Jina hujengwa siku fundi anapoambiwa, Mzee, tia ubao huu huu, utakaukia majini, akasema hapana. Au anapoombwa kupandisha ukingo kwa ubao mmoja zaidi ili chombo kichukue magunia ambayo umbo lake halikukadiriwa kuyabeba, akakataa, na mteja akaondoka na fedha zake akaenda kwa jirani. Nyumbani siku hiyo hupikwa sombe bila ya samaki. Imani ambayo haijamkosesha mtu mteja hata mmoja huenda ikawa ya kweli, lakini yeye mwenyewe hajapata bado kuijua, wala sisi.

Ufuko huu una ushahidi wa kale wa tabia hiyo, nao haukutoka kwa fundi. Mwezi wa Aprili 1858 Waingereza wawili, Richard Burton na John Speke, walifika Uvira kwa mitumbwi kutoka Ujiji, wakiwa na hamu kubwa ya kusikia kwamba mto Rusizi hutoka ziwani kuelekea kaskazini, maana ungalitoka wangalitumaini kwamba wamekiona chanzo cha mto Nile. Wakajiwa na wana watatu wa Sultani Maruta wa Uvira, wakawauliza, nao wakasema kwamba Rusizi huingia ziwani, hautoki; na waliohudhuria wote wakashuhudia vivyo hivyo. Burton ameandika jinsi moyo wake ulivyofadhaika kwa jawabu hilo. Wageni wale hawakufika mlangoni mwa mto, wakarejea. Na mwezi wa Novemba 1871 Livingstone na Stanley walikuja kwa mtumbwi wakauona kwa macho yao, nao ukawa unaingia, kama walivyosema wana wa Uvira miaka kumi na mitatu nyuma. Ingalikuwa rahisi kumpendeza mgeni mwenye shanga na nguo. Mimi huona kwamba yule asemaye hapana juu ya ubao mbichi ni wa ukoo mmoja na wale wana wa Maruta, hata kama hajapata kusikia habari zao.

Yako majina ya namna nyingine pia, na haifai kuyanyamazia. Muhammad bin Khalfan al-Barwani, ambaye nguvu yake ilitoka Ujiji ikafika mpaka kaskazini ya ziwa, alijulikana ufuko mzima kwa jina la Rumaliza, na jina hilo lilikwenda mbele yake kijiji hata kijiji, likawakimbiza watu kabla ya bunduki kulia. Kuenea kwa jina, basi, si hoja. Hofu nayo huenea, na pengine upesi kuliko wema.

Jina la fundi huenea polepole, na lina njia yake. Chombo kikifika Kalemie baada ya usiku wa mawimbi, na waliomo ndani hawakukumba ngama ila kidogo, mtu mmoja bandarini huuliza: hii ni kazi ya nani? Kwa swali hilo fundi hupata mteja katika mji ambao hajaukanyaga. Hana kibao, na mara nyingi hana hata karakana. Maji ya ziwa yalipopanda miaka hii ya karibuni, na katika 2024 yakaingia mpaka katika nyumba za Kalundu, ufuko wa kujengea ulipungua, wanaofanya kazi ukingoni wakasogea na mbao zao kila mmoja alipopata nafasi. Na wenye kutaka mashua waliwauliza kwa majina, wakawafuata huko walikokwenda.

Nakiri kwamba uaminifu huu hauwatajirishi wote, na ni dhuluma kumwambia fundi maskini kwamba sifa zinamtosha. Mbao zapanda bei, vita hufunga njia, na mwenye chombo naye aghalabu ni mtu wa deni. Haki ya fundi ni ujira wa siku zake zote, pamoja na zile za kungoja ubao ukauke, na yule anayemhimiza kuzifupisha ana sehemu yake katika kila maungio yatakayofunguka majini.

Kwa hivyo vijana wanaojifunza kazi hii sasa, walio na simu mfukoni kama wenzao, sitawaambia wajifiche. Wajitangaze, na wapige picha nyingi kadiri watakavyo. Ila wazipige kabla ya rangi, chombo kikiwa mbao tupu, maungio yakionekana moja moja na pamba ikiwa bado nyeupe kwenye kingo, na siku zilizopita tangu ubao kuanikwa ziandikwe chini ya picha, ili mtu wa Kalemie au wa Kigoma ambaye hajapata kuwaona aweze kutazama, akauliza bei, na akijua anachouliza.